Protini ya ng'ombe wa maziwa: panga majani kwanza, mashudu baadaye

Wafugaji wenzangu, huku kwetu Arumeru na Hai maziwa yakishuka kidogo tu mtu anakimbilia kuongeza mashudu. Naelewa, ndo yanapatikana, ila mashudu yakizidi na mengine hayajakaa sawa ile protini inatoka na mkojo na hela yako imeenda nayo. Ng'ombe anachotaka hasa ni amino asidi, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga protini, na kwa wa maziwa mbili ndo hukwamisha, laisini na methionini, uwiano kama 3 kwa 1. Moja ikipungua, nyingine hata ijae vipi haisaidii, ni sawa na fundi ana matofali kibao ila saruji imeisha.

HATUA YA 1: majani
Hapa ndo penyewe, msiparuke. Sehemu kubwa ya amino asidi za ng'ombe inatengenezwa na vijidudu vya tumbo kubwa, vikishuka chini vinameng'enywa, na protini yao imekaa vizuri kuliko mashudu yoyote utakayonunua. Kwa hiyo lisha hao vijidudu kwanza! Matete (majani ya tembo) kata yakifika kama mita 1, ukisubiri yakupite kimo umebaki na miti. Vunja shina kwa mkono, likikatika na kutoa maji bado liko poa, likipinda na kubaki nyuzinyuzi umechelewa. Katakata fupi, changanya na malisho ya jamii ya kunde kama desmodiamu au lusina (lusina isizidi theluthi ya majani yote, ina sumu yake ikizidi). Migomba ni maji zaidi, usiihesabu kwenye protini. Na maji ya kunywa yawepo muda wote, usiku pia.

HATUA YA 2: kagua unachonunua
Mashudu ya alizeti yana methionini nzuri ila laisini kidogo, soya ni kinyume chake, ndo maana nazitumia pamoja. Pumba za mahindi ni za nguvu, laisini yake ni ndogo sana. Chukua konzi ya mashudu utie kwenye glasi ya maji ukoroge, mchanga utauona chini, na maganda yakielea mengi jua umeuziwa maganda. Chochote chenye ukungu au harufu ya uvundo acha hukohuko dukani, sumukuvu inapita mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto wetu.

Soya kaanga mpaka iwe kahawia na inukie, ikiungua nyeusi laisini imeharibika. Soya mbichi usichanganye kabisa na yurea, soya inaipasua yurea haraka ikawa amonia na ng'ombe anaweza kufa.

Halafu ile laisini na methionini ya unga ya kuku, jamani, msimwekee ng'ombe, vijidudu vinaimaliza kabla haijafika utumbo mdogo. Ya ng'ombe inakuwa imefunikwa maalumu na bei yake sio ya mfugaji wa ng'ombe wawili.

HATUA YA 3: changanya (kilo 100)
Pumba za mahindi 50, mahindi ya kusaga 15, mashudu ya alizeti 22, soya ya kukaanga 10, madini ya ng'ombe wa maziwa 2, chumvi 1. Inakupa protini kama asilimia 16. Anza na chumvi na madini ndani ya pumba kidogo, ndo umwage kwenye rundo kubwa, la sivyo mmoja atakula chumvi yote.

HATUA YA 4: lisha na uangalie
Lita 5 za mwanzo za maziwa kwa siku ziachie majani, zaidi ya hapo kilo 1 ya mchanganyiko kwa kila lita 2 hivi, gawa asubuhi na jioni, na chakula kipya ingiza taratibu kama wiki 2. Pita bandani mchana wamelala, wengi wawe wanacheua, kama hawacheui majani ni machache au umeyakata mafupi mno. Kinyesi kikiwa cha majimaji punguza mchanganyiko uongeze majani. Maziwa pima kila siku uandike, yasipopanda baada ya hizo wiki 2 usiongeze mashudu, rudi shambani ukaangalie yale matete.