Kupanga mradi kwa mchoro wa mtandao: mfano wa karakana ya dagaa Igombe

Wengi hupanga mradi kwa orodha: hiki kikiisha, kile kianze. Orodha haikuambii kazi zipi zinaweza kwenda pamoja, wala ipi ikichelewa siku moja inaburuza mradi mzima. Mchoro wa mtandao, yaani kazi zote zikiwa visanduku vilivyounganishwa kwa mishale, unakuambia. Mbinu hii ilianza Marekani mwaka 1957 na 1958, kwenye viwanda vya kemikali na jeshi la majini, ila wewe unahitaji karatasi, penseli na kifutio tu.

Tuchukue karakana ndogo ya kukausha na kufungasha dagaa karibu na mwalo wa Igombe, Mwanza.

Hatua ya 1: Andika kazi, siku zake na kinachoitangulia

A. Kupata eneo na kusaini pango: siku 6
B. Jina la biashara, namba ya mlipakodi (TIN) na leseni: siku 12, baada ya A
C. Sakafu ya zege: siku 9, baada ya A
D. Kuagiza mashine ya kufungashia Dar es Salaam: siku 14, inaanza mara moja
E. Vichanja vya kukaushia dagaa: siku 10, baada ya A
F. Nyaya na kuunganishiwa umeme: siku 11, baada ya C
G. Kufunga na kujaribu mashine: siku 2, baada ya D na F
H. Kukausha dagaa wa majaribio: siku 3, baada ya B na E
I. Kufungasha mzigo wa kwanza: siku 4, baada ya G na H

Usikisie siku kwa matumaini. Kwa kazi yenye mashaka kama D, chukua muda mfupi kabisa (10), wa kawaida (13) na mrefu kabisa (22). Zidisha wa kawaida kwa 4, jumlisha yote, gawa kwa 6: unapata 14.

Hatua ya 2: Chora, kisha hesabu kwenda mbele

Kila kazi ni kisanduku. Mshale unatoka kwa inayotangulia. Siku ya kuanza jumlisha muda wa kazi, unapata siku ya kuisha. Penye mishale miwili inayoingia, chukua namba kubwa. G inasubiri D (siku ya 14) na F (siku ya 26), kwa hiyo inaanza ya 26. Mradi unaisha siku ya 32, wakati ukizipanga kazi foleni moja ni siku 71.

Hatua ya 3: Rudi nyuma kutoka 32

Hapa unatoa muda wa kazi badala ya kujumlisha, na penye mishale miwili inayotoka, chukua namba ndogo. Tofauti kati ya siku ya mapema kabisa kazi inapoweza kuanza na siku ya mwisho inapoweza kuanza bila kuchelewesha mradi ndiyo nafasi ya kuchelewa. D ina siku 12, E ina 9, B na H zina 7. A, C, F, G na I hazina hata moja: hiyo ndiyo njia nyeti, yaani kazi yake yoyote ikichelewa, mradi wote unachelewa.

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani B ina siku 7 na H nyingine 7. Ni zilezile. Leseni ikizila zote, ukaushaji haubakiwi na kitu.

Hatua ya 4: Punguza siku kwenye njia nyeti pekee

Kuongeza mafundi wa vichanja ni kupoteza fedha. Mradi hautasogea hata siku moja. Zege nalo usiliharakishe: siku 7 kati ya zile 9 ni za kulimwagilia maji, na likikauka mapema linapasuka.

Ila itazame F vizuri. Ni kazi mbili zilizofungwa pamoja: nyaya siku 4, kusubiri kuunganishiwa siku 7. Nyaya za ukutani hazihitaji sakafu. Zianze siku ya 6 sambamba na zege, na umeme unafika siku ya 17. Hesabu upya: mradi unaisha siku ya 25. Umeokoa siku 7 bila kuongeza fundi hata mmoja.

Njia nyeti nayo imehama. Sasa ni A, B, H, I. Anayefuatilia leseni ndiye wa kupigiwa simu kila asubuhi.

Hatua ya 5: Weka kalenda ya mwezi juu ya mchoro

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika. H imo kwenye njia nyeti na inaanza siku ya 18. Ikiangukia mbalamwezi, kila siku utakayosubiri dagaa inaongezeka kwenye 25. Kwa hiyo tafuta kwanza siku za giza kwenye kalenda, kisha hesabu 18 kurudi nyuma. Hapo ndipo uanze kutafuta eneo na kuagiza mashine.