Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Muziki wa Meli za Abiria za Zamani Hapa Mombasa

Muziki uliopigwa ndani ya meli kubwa za abiria kati ya mwaka 1900 na 1914 haukuwa tamasha la watu kuketi kimya na kusikiliza. Ulikuwa kazi ya kila siku iliyofuata saa, ukumbi na mlo, na kwa sababu hiyo mtu anayetaka kuusikia tena hataupata kwa kukusanya nyimbo kongwe na kuzipiga mfululizo. Kabla ya kumwita mpigaji hata mmoja, mwandalizi anapaswa kuamua mambo mawili, nayo ni mwaka anaoukusudia na saa ya siku anayotaka kuirudisha.

Mwaka ndio unaochuja nyimbo. Tuichukue Admiral, meli ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ya Hamburg, ambayo ndiyo iliyomleta Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, na ndiyo hiyo hiyo iliyomleta mwandishi Karen Blixen mwezi Januari 1914. Kati ya safari hizo mbili haikutimia hata miaka mitano, lakini nyimbo zilizokuwa zikipendwa duniani zilikwisha kubadilika. Jioni ya 1909 inaweza kuwa na walzi, yaani dansi ya mapigo matatu, kutoka opereta, yaani tamthilia nyepesi ya kuimbwa, ya Franz Lehár iitwayo Die lustige Witwe, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1905, na pia walzi ya Archibald Joyce iitwayo Songe d'Automne, ya mwaka 1908. Haiwezi kuwa na Alexander's Ragtime Band, kwa kuwa Irving Berlin aliitoa mwaka 1911. Jioni ya 1914 inazipokea zote tatu. Saksofoni na seti ya ngoma za jazi ziachwe kabisa, kwani hizo ni za meli za baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Anayevutiwa na zama hizo na achague mwaka kama 1928, ambapo Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri, na aandae jioni nyingine mbali na hii.

Kuhusu saa, bendi ya melini ilikuwa ikihama siku nzima: asubuhi kwenye sebule ya ngazi kuu, alasiri wakati wa chai, na usiku baada ya chakula, mara kwa abiria wa daraja la kwanza na mara kwa wale wa daraja la pili. Nashauri kuchagua kipindi kimoja tu. Alasiri ya chai, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja, ndiyo inayofaa zaidi kwa wanaoanza, kwa sababu nyimbo zake ni nyepesi na wageni wanaruhusiwa kuzungumza. Usiku unadai zaidi, kwa kuwa hapo ndipo zilipopigwa dondoo ndefu za opera. Ukitaka wageni waitwe mezani kama ilivyokuwa katika meli za White Star Line, kampuni iliyomiliki Titanic, mtafute mtu wa baragumu apige The Roast Beef of Old England, mwito uliotumika kuwaita abiria kwenye chakula cha usiku.

Wapigaji na sauti yao

Kundi halihitaji kuwa kubwa. Titanic, meli kubwa kuliko zote za wakati wake, ilikuwa na wanamuziki wanane tu chini ya Wallace Hartley, nao waligawanyika kuwa kundi la watano na kundi la watatu. Fidla, selo na piano zinatosha kabisa. Ukiongeza fidla ya pili na besi ya kusimama, umefika watano. Kiongozi ni mpiga fidla, naye huongoza akipiga, kwa kichwa na kwa upinde wake, bila mtu wa kusimama mbele na kijiti.

Meli kubwa za Kijerumani, kama zile za Norddeutscher Lloyd, zilifuata njia tofauti, kwani wahudumu wa mezani waliajiriwa wakiwa tayari ni wapigaji, na bendi yao ya shaba ilisikika sitahani. Anayeipenda sura hiyo hatapata shida Mombasa, mji ulioshuhudia mashindano ya vyama vya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, vya Kingi na Scotchi mwanzoni mwa karne ya ishirini; wapigaji wa tarumbeta wanapatikana hadi leo katika bendi za makanisa. Ila shaba ipigwe nje, uani au barazani, wala isiingizwe ukumbini.

Suala ninalolipa uzito kuliko yote ni fidla. Waandalizi wengi hukimbilia kumtafuta mtu aliyesoma muziki wa Kizungu, ilhali wapigaji wa fidla wa taarabu tulionao wana jambo moja ambalo wanafunzi wengi wa leo wamelipoteza, nalo ni kuteleza kwa kidole kutoka sauti moja hadi nyingine juu ya waya uleule. Wapiga fidla wa mwaka 1910 waliteleza hivyo waziwazi, na yeyote anayesikiliza rekodi za zama hizo atalisikia hilo mara moja. Mwombe fundi wako wa taarabu ateleze kama alivyozoea katika walzi, hasa pale mahadhi yanaporuka juu, lakini apunguze mtetemo wa kidole na aache kabisa zile robo sauti na mapambo ya maqamu, yaani mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kwa maana piano haina funguo za kuyapokea na matokeo yatasikika kama ugomvi. Kaeni pamoja na kipande cha mistari minane, akipige kwanza kwa mtindo wake, kisha akipige akiacha mapambo na kubakiza mtelezo peke yake. Fundi hodari hulishika jambo hilo katika kikao hicho hicho.

Walipeni vizuri. Wanamuziki wa Titanic waliajiriwa kupitia wakala wa Liverpool, C.W. & F.N. Black, ambaye alishusha mshahara wa bendi za melini kutoka pauni 6 na shilingi 10 hadi pauni 4 kwa mwezi, na kwa kuwa waliandikishwa kama abiria wa daraja la pili, familia zao zilinyimwa fidia iliyotolewa kwa jamaa za mabaharia baada ya meli kuzama tarehe 15 Aprili 1912. Wote wanane walikufa. Ni haki kuwakumbuka kwa kuwatendea wema walio hai.

Nota

Nota nyingi za wakati huo zinapatikana bila malipo katika maktaba ya IMSLP kwenye intaneti. Tafuta zile zilizochapwa kwa okestra ndogo, ambamo karatasi ya piano imeandikwa pia, kwa nota ndogondogo, sehemu za ala zisizokuwapo. Wachapishaji walifanya hivyo kwa makusudi ili kundi la watatu au la kumi lipige wimbo uleule, na piano izibe mapengo. Mpiga piano wako lazima aelewe kwamba hapigi zote kwa pamoja: selo ikiwapo, nota ndogo za selo aziache.

Hakimiliki isipuuzwe. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya muziki kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Scott Joplin, mtunzi wa ragtime, alifariki mwaka 1917, Lehár mwaka 1948 na Joyce mwaka 1963, hivyo muziki wao uko huru. Irving Berlin aliishi hadi 1989, na kwa hiyo wimbo wake wa 1911, ingawa uko huru Marekani, hapa kwetu utabaki chini ya ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2039. Ukiutaka, omba kibali.

Kwa kusikiliza, Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kimeweka wazi maelfu ya rekodi za mitungi ya nta, yaani rekodi za zamani zenye umbo la silinda. Sikiliza kwa tahadhari: kabla ya 1925 sauti ilinaswa kwa pembe bila umeme, besi ya nyuzi haikunaswa vizuri na mara nyingi nafasi yake ilichukuliwa na tuba, na nyimbo zilikatwa au kuharakishwa ili zitoshe katika dakika mbili hadi nne. Jifunze mtelezo na mkazo kutoka humo, lakini mwendo uupime kwa miguu ya mtu anayecheza dansi.

Mazoezi yafuate desturi ya White Star Line, iliyowapa abiria kitabu chenye orodha ya nyimbo 352, kila moja na namba yake, na bendi ilitarajiwa kuupiga wowote ulioombwa. Chagueni nyimbo ishirini, mzipe namba, mchape orodha hiyo na kuiweka juu ya kila meza ili mgeni aandike namba kwenye kijikaratasi. Kiongozi akiitaja, kundi lianze bila kunong'onezana. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalobadilisha jioni nzima kuliko mavazi na mapambo yoyote.

Ukumbi na hewa ya pwani

Ukumbi wa nyumba kubwa ya Mji wa Kale, wenye dari refu na kuta za mawe, hutoa sauti nzuri bila vipaza sauti, navyo visitumike. Mfuniko wa piano ufungwe ili sauti yake ipungue. Walioketi karibu na kundi waweze kusemezana bila kupaza sauti, kwani hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha melini.

Unyevu wetu ni adui wa nyuzi na mbao. Epuka miezi ya masika. Piano itiwe sauti ikiwa imekwisha kukaa siku kadhaa katika ukumbi huohuo, wala si siku ileile iliyoletwa kwa mkokoteni. Ala zilizotoka katika gari lenye kiyoyozi zikae ndani ya mifuko yao mpaka zifanane na joto la ukumbi, la sivyo umande utatanda juu ya mbao na nyuzi zitashuka kila baada ya wimbo. Nywele za upinde hulegea, kwa hiyo wapigaji wazikaze kabla ya kuanza na kuzilegeza mwisho. Madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya upepo wa bahari, kila stendi ya nota iwe na vibanio viwili vya nguo, kimoja kila upande, na kurasa zigandishwe juu ya karatasi ngumu ili zisigeuzwe na upepo katikati ya walzi.

Usisahau daraja la tatu, ambalo bendi haikulifikia. Abiria wake walijipigia wenyewe: Eugene Daly alipiga zumari zake za mifuko za Kiayalandi juu ya sitaha ya Titanic ilipokuwa ikiondoka Queenstown, bandari ya Ayalandi. Tenga nusu saa, ikiwezekana katika chumba kingine, ambapo wageni watakuja na ala zao, kodiani, udi, gambusi au chochote walicho nacho.

Mwisho wa jioni ufuate desturi ya tamasha la abiria, lililofanyika karibu katika kila safari: wasafiri wenyewe waliimba na kusoma, ratiba ilichapwa na kuuzwa, na sadaka ilikusanywa kwa ajili ya yatima wa mabaharia. Chapa ratiba yako kwa karatasi nzuri, upande mmoja tu, iuze mlangoni, na fedha zipelekwe kwa Mission to Seafarers, inayowahudumia mabaharia wa bandari yetu.