Somo: Kufufua dramsi za zamani zilizotelekezwa stoo

Wakuu salaam. Mie niko Tanga, seti niliyomaliza juzi ni ya kampuni ya Premier ya Uingereza, vipande vinne, sneya (ile dramu yenye nyaya za chuma upande wa chini) ya inchi 14, tomu ya 12 na ya 16, besi ya 22. Ilikuwa stoo ya ukumbi mmoja chini ya viti vya plastiki, miaka na miaka. Hizi seti nchini zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani maana enzi zile vyombo vilikuwa mali ya taasisi sio ya wanamuziki, NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na bendi nyingine kibao zikaendeshwa hivohivo na mashirika, sasa bendi ikifa vyombo vinabaki stoo na mwenye funguo hajui hata thamani yake. Ukipewa nafasi ya kuichukua, ichukue kabla haijawa kuni.

Kitu kimoja nataka kishike kichwani kabla hujashika spana. Wengi wanaanza na rangi, au wanakimbilia kununua ngozi mpya, wanafunga, dramu inatoa sauti ya ndoo, wanasema seti mbovu. Sauti inaanzia kwenye mdomo wa pipa (ule mwili wa mbao wa dramu), pale ngozi inapokalia. Mdomo ukiwa haujanyooka hakuna ngozi itakayokusaidia.

Hatua ya 1, kufungua. Piga picha kila dramu pande zote, halafu skurubu za kila dramu ziwe na kopo lake. Usichanganye. Uzi wa skurubu haufanani kampuni zote, dramu za zamani za kampuni ya Sonor ni milimita 6 na Wamarekani wana kipimo chao, ukilazimisha skurubu ngeni unaua uzi wa ndani ya lagi (kile chuma cha ubavuni mwa pipa kinachopokea skurubu), na lagi ya kuibadilisha huipati. Iliyoganda weka mafuta ya cherehani, acha ilale, kesho yake jaribu taratibu.

Hatua ya 2, mbao. Angalia vitundu vidogo ndani ya pipa, kikimwaga unga mlaini ujue fukusi bado yumo, chukua bomba la sindano ingiza dawa ya mbao wanayotumia maseremala, funga pipa kwenye nailoni siku kadhaa. Tabaka zilizoachana tia gundi nyeupe ya mbao, bana na klempu, acha mpaka kesho. Ukungu futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Na tafadhali usianike juani, plaiwudi iliyokula unyevu ikikaushwa ghafla inafumuka, weka kivulini penye upepo.

Hatua ya 3, mdomo. Hapa usiwe na haraka. Tafuta kioo kinene au kipande cha granaiti kilichobaki kwa mafundi wa jiko. Simamisha pipa juu yake, zima taa, weka tochi ndani, zunguka ukiangalia kwa nje. Mwanga unapopenya ndo penye bonde. Kama ni uzi mwembamba wa mwanga wala usiguse, ngozi itaufuata. Kama karatasi ya risiti inapita chini yake, hapo kuna kazi: chora penseli kuzunguka mdomo wote, bandika msasa namba 150 juu ya kioo, zungusha pipa bila kukandamiza, mizunguko michache tu kisha angalia. Penseli iliyofutika ni mlima, iliyobaki ni bonde. Endelea hadi penseli iishe, malizia na 220. Sasa mdomo umenyooka ila umekuwa bapa, kwahiyo mpelekee seremala mwenye rauta (mashine ya kuchonga kingo za mbao) aurudishie mteremko kama ulivyokuwa, na ajaribu kwanza kwenye mbao nyingine, sio kwenye dramu yako! Mwisho paka nta ya mshumaa mdomoni, ngozi itateleza vizuri wakati wa kutyuni.

Hatua ya 4, vyuma. Chukua sumaku. Inaponasa ni chuma cha kawaida, kutu lake unalitoa kwa kusugua na foili ya jikoni iliyoloweshwa maji, foili ni laini kuliko kromu haikwaruzi. Skurubu zenye kutu baya loweka kwenye siki masaa machache, suuza na maji yenye bekingi soda, kausha, paka mafuta. Sumaku isiponasa usitumbukize kwenye siki kabisa. Ringi (zile duara za chuma zinazobana ngozi) nzito za Premier na lagi nyingi ni zinki ya kumimina, na asidi inaila zinki, nimeona lagi za mtu zimetoka kwenye siki zimejaa vishimo kama ndui, haziponi. Hizo ni sabuni, maji ya vuguvugu na mswaki, basi.

Lagi zenye springi ndani jaza pamba kidogo, zile kelele za tiii unazosikia ukipiga zinatoka humo.

Pedali safisha, weka grisi, mkanda wake wa ngozi ukikatika fundi viatu anakukatia mwingine dakika kumi. Matoazi osha kwa sabuni tu.

Hatua ya 5, ngozi. Kaza zote kwa vidole kwanza, kisha nusu mzunguko kwa ufunguo wa dramu, ukivuka kwenda upande wa pili kila mara usifuate duara. Gonga karibu na kila skurubu, sauti zilingane. Anza na ngozi ya chini. Ya chini ya sneya ni nyembamba sana, ni ya kwake peke yake, ukiweka ngozi ya juu huko nyaya haziitiki.

MASWALI

Swali: Mkuu, sneya yangu nimeipima na tochi upande wa chini, mwanga unapenya sehemu mbili zinazotazamana, nimeshaandaa msasa.

Jibu: Weka msasa chini ndugu yangu! Hayo mabonde yamechongwa makusudi, ndo nyaya zinapolalia. Ukiyasawazisha nyaya zitapiga kelele bila kukoma. Mdomo wa chini wa sneya unaangaliwa nje ya hayo mabonde tu.

Swali: Sisi ni kwaya, tuna Premier nyekundu, ngozi mpya ya 12 inagoma kuingia kabisa.

Jibu: Hiyo itakuwa ya zamani zaidi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 Premier walitumia vipimo vyao, pipa linazidi kidogo la Kimarekani. Msikwangue pipa! Kuna watengenezaji wanaotoa ngozi za kipimo hicho cha zamani, pimeni kipenyo kwa milimita na mtaje mnapoagiza.

Swali: Kaka, naweza kubandua ile plastiki ya nje nikapaka vanishi? Imeachia kwenye maungio.

Jibu: Dada naomba usiibandue. Kilichoachia rudishia na gundi ya viatu, paka pande zote mbili, subiri ikauke kidogo ndo ubane. Usitumie pasi wala moto, plastiki nyingine za zamani ni selulosi inayowaka haraka sana.

Swali: Niko Mombasa, kutu huku linarudi ndani ya mwezi. Nifanyeje?

Jibu: Chumvi ya bahari hiyo, hata Tanga tunayo. Ukimaliza kupiga futa jasho na vumbi, pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani kwenye vyuma, kila baada ya miezi michache paka waksi ya gari. Na usifunike na nailoni, inafungia unyevu ndani, tumia shuka la pamba.