Kalamu Itangulie: Kusoma na Akili Mnemba Bila Kudesa

Mwanafunzi akilipiga picha swali la Kemia na kulituma kwa programu ya akili mnemba kama ChatGPT, Gemini au Claude, jibu linarudi ndani ya sekunde chache, limepangwa vizuri, kila hatua ipo. Analinakili, daftari linapendeza, mwalimu anaweka tiki. Novemba ikifika, ndani ya chumba cha mtihani, mkono hauendi. Ule muda wa kuhangaika na swali mpaka likafunguka, ambao ndio unaojenga uelewa, aliuachia programu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya jaribio walilofanya Uturuki kwa karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari katika somo la Hisabati. Waliopewa akili mnemba ya kawaida walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 kwenye mazoezi, lakini iliponyang'anywa, kwenye mtihani walishuka kwa asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuitumia. Kundi la tatu lilipewa programu iliyoelekezwa kutoa madokezo badala ya majibu. Hao walipanda kwa asilimia 127 kwenye mazoezi, na kwenye mtihani hawakuanguka. Programu ni ileile. Kilichotofautiana ni maagizo. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuandika maagizo hayo mwenyewe, na namna ya kulinda kazi yako isiharibiwe na makosa ya programu.

Hatua ya 1: Panga meza kabla ya kugusa simu

Weka daftari, kalamu, kitabu cha kiada na pasti pepa. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yao, kwa hiyo kukosa kitabu kusikufanye uigeuze akili mnemba kuwa kitabu. Kipindi kimoja kiwe dakika 40: 15 za mwanzo bila simu, 15 na simu, 10 za mwisho bila simu. Kama uko Dar es Salaam na nyumbani Mbagala au Manzese kuna kelele, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina meza na utulivu.

Kuhusu bando: mazungumzo ya maandishi hula kidogo sana. Kinachomaliza MB ni picha na sauti. Picha moja ya simu huwa na MB 2 hadi 4, kwa hiyo ikate ibaki swali tu, au liandike swali kwa mkono wako. Kuliandika kuna faida nyingine, kwamba unalazimika kulisoma neno kwa neno.

Umri nao una masharti. ChatGPT inataka mtumiaji awe amefikisha miaka 13, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi. Claude inataka miaka 18. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, hivyo kwa wengi hii ni simu ya mama au baba, jioni, na mzazi anajua inatumika kwa kazi gani.

Hatua ya 2: Jaribu kwa kalamu

Kabla ya kuuliza chochote, andika mambo manne: ulichopewa, unachotafuta, kanuni unayodhani inahusika, na angalau mstari mmoja wa kazi. Mstari huo ukiwa umekosewa, vizuri zaidi, maana sasa kuna kitu cha kusahihisha.

Tuchukue mfano wa kidato cha tatu. Gramu 25 za kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo iliyo nyingi kwenye mawe ya chokaa kama yale yanayochimbwa Wazo, zimechomwa zikaisha kabisa. Tafuta uzito wa kalsiamu oksaidi (CaO) inayobaki, na ujazo wa kaboni dayoksaidi inayotoka katika joto na kanieneo sanifu. Mwanafunzi anaandika: uzito wa moli moja ya CaO ni 40 + 16 = 56; basi moli ni 25 ÷ 56 = 0.446. Hapo anakwama. Sasa ana haki ya kushika simu.

Hatua ya 3: Toa maagizo kwanza, swali baadaye

Anza mazungumzo mapya na ubandike maneno haya, ukibadilisha somo na kidato. Yahifadhi kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu ya simu usiyaandike upya kila siku.

"Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Tanzania, nasoma Kemia kwa mtaala wa TET. Nitakuandikia swali pamoja na nilichojaribu. Usinipe jibu la mwisho wala kunikokotolea. Nionyeshe mstari wa kwanza uliokosewa, kisha niulize swali moja fupi litakalonifanya nione kosa mwenyewe, halafu subiri nijibu. Nikikosea mara tatu, nionyeshe mfano unaofanana wenye namba tofauti. Eleza kwa Kiswahili cha kawaida, lakini istilahi za Kemia ziache kwa Kiingereza kama zinavyokuja kwenye mtihani. Ujazo wa moli moja ya gesi ni 22.4 dm³. Kama swali lina upungufu, niambie kabla ya kuendelea."

Kila sentensi ina kazi yake. Usipotaja Tanzania na kidato, programu hukisia, na makisio yake huangukia mara nyingi Uingereza, Marekani au Kenya. Usiposema "subiri nijibu", itauliza swali na kulijibu yenyewe hapohapo. Sentensi ya lugha ndiyo ya kushikilia zaidi. Sekondari mtihani ni wa Kiingereza, ilhali wengi wetu tunaelewa kwa Kiswahili, na kuelezewa dhana kwa Kiswahili ni msaada ambao tuisheni nyingi hazitoi. Lakini programu hizi hubuni istilahi za Kiswahili zisizo kwenye kitabu chochote. Ukizikariri, mtihani utakuja na neno usilolijua kwa kitu unachokijua. Kwa hiyo elewa kwa Kiswahili, kisha jibu la mwisho liandike mwenyewe kwa Kiingereza na uiombe ikukagulie sentensi zako bila kuziandika upya.

Hatua ya 4: Endesha mazungumzo

Kwa mfano wetu, programu iliyoelekezwa vizuri itauliza kitu kama: "Hizo gramu 25 ni za dutu gani?" Mwanafunzi anarudi kwenye swali: ni za kaboneti, siyo za oksaidi. Uzito wa moli moja ya CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = 100. Moli ni 25 ÷ 100 = 0.25. Mlinganyo, CaCO₃ → CaO + CO₂, unaonyesha moli moja ya kaboneti hutoa moli moja ya oksaidi na moja ya gesi. CaO ni 0.25 × 56 = gramu 14. Gesi ni 0.25 × 22.4 = dm³ 5.6. Kosa lilikuwa moja, na sasa analijua kwa jina: kugawanya uzito wa dutu moja kwa uzito wa moli wa dutu nyingine.

Ikikupa jibu lote licha ya maagizo (hutokea, hasa mazungumzo yakirefuka na yale ya mwanzo yakapoteza nguvu), usisome zaidi. Fungua mazungumzo mapya, bandika maagizo tena. Mada moja, mazungumzo mamoja.

Jizuie na sentensi "nimeelewa, endelea". Badala yake andika maelezo yako: "Kwa hiyo nagawanya kwa 100 kwa sababu…" na uiache ikague sababu. Sababu ikikushinda kuandika, bado hujaelewa, hata kama maelezo yake yalionekana mepesi ulipoyasoma.

Hatua ya 5: Hakiki kila kitu kinachohesabika au chenye tarehe

Programu hizi hutunga sentensi kwa kukadiria neno linalofaa kufuata, kutokana na maandishi mengi zilizofunzwa nayo. Ndiyo maana kosa lake husomeka kwa ufasaha uleule wa ukweli, na sauti ya kujiamini haikuambii lolote. Makosa yenyewe hujirudia kwa namna zinazojulikana.

Namba sanifu zisizo zetu. Swali lile la gesi laweza kurudi na dm³ 6.0 badala ya 5.6, kwa sababu programu imetumia 24 dm³ za joto la chumba, kama ilivyozoeleka kwenye vitabu vya Uingereza. Ikitumia 22.7, itakupa karibu 5.7. Hakuna kosa la hesabu hapo, ila kwenye mtihani wako unakosa alama. Fizikia ni vivyo hivyo kwa mchapuko wa mvutano wa dunia (g), 9.8 au 10. Tumia namba iliyochapishwa kwenye pepa.

Ukaguzi wa haraka kwa Kemia: jumlisha uzito wa pande zote mbili. Gramu 14 za oksaidi na 0.25 × 44 = gramu 11 za gesi ni gramu 25, sawa na tulizoanza nazo. Kwa Hisabati, rudisha jibu ndani ya mlinganyo. Ukaguzi huu hauhitaji simu wala bando.

Tarehe. Uliza Azimio la Arusha ni la lini, unaweza kupata Januari 1967 au Februari 5, 1967. Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha Arusha mwishoni mwa Januari. Likatangazwa Februari 5. Jibu lisilotofautisha mawili hayo linakuachia nusu ya historia. Fungua kitabu, andika lipi ni lipi.

Kiswahili kama somo. Ngeli, aina za maneno na istilahi za fasihi hupangwa tofauti kati ya vitabu vya Tanzania na vya Kenya, na programu huvichanganya ndani ya jibu moja. Hapa kitabu cha TET ndicho hakimu.

Picha zilizosomwa vibaya. Kipeo cha 2 kinageuka namba ya kawaida, alama ya kutoa inapotea kwenye mkunjo wa karatasi. Kabla ya lolote iambie: "Liandike swali kama ulivyolisoma." Linganisha.

Na huu ndio mtego mkubwa: kuuliza "una uhakika?" Programu hupenda kukubaliana na mtumiaji, na ukionyesha shaka inaweza kuomba radhi na kuacha jibu lililokuwa sahihi. Namna bora ni kufungua mazungumzo mapya, kutoa swali bila kutaja jibu la mwanzo, na kuitaka itumie njia nyingine. Majibu yakigongana, kitabu au mwalimu aamue.

Hatua ya 6: Igeuze ikuulize wewe

Hapa ndipo inapolipa kuliko popote. Kusoma madesa mara tano kunakupa hisia ya kujua. Kujibu bila kuangalia ndiko kunakolishikisha somo. Bandika kurasa mbili za notsi zako na uandike: "Kwa kutumia notsi hizi tu, niulize maswali 5, moja baada ya jingine. Usitoe linalofuata kabla sijajibu. Usinipe machaguo."

Ukitaka ikusahihishie insha, ipe mwongozo wa alama. Bila huo husifia na kugawa alama kama peremende. Kwa swali la alama 15, sema wazi: utangulizi 1, hoja sita zenye maelezo na mfano alama 2 kila moja, hitimisho 2; halafu: "Taja hoja isiyo na mfano na usinipe alama yake kamili."

Maswali uliyokosa yahamishie kwenye daftari la makosa, kwa mkono: swali, kosa, sababu. Yarudie baada ya siku 2, kisha 7, kisha 21. Mkisoma kundi la watu wanne, simu moja inatosha: mmoja anaishika na kusoma maswali, watatu wanaandika, mnabadilishana.

Hatua ya 7: Kazi za kupimwa

Kazi yoyote yenye alama, muulize mwalimu au mhadhiri kwanza nini kinaruhusiwa. Kukagua sarufi kunaweza kukubaliwa pale ambapo kuandikiwa aya hakukubaliwi. Ukiruhusiwa, taja mwishoni mwa kazi programu uliyotumia na kwa kazi gani. Hifadhi rasimu zako zote zikiwa na tarehe, maana programu za kunasa maandishi ya akili mnemba hukosea na zinaweza kumtuhumu aliyeandika mwenyewe. OpenAI iliondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo.

Mwanachuo, marejeo usiyachukue humo kamwe bila kuyafungua. Programu hubuni kichwa cha makala, mwandishi na hata namba ya jarida. Juni 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Tafuta kila kichwa kwenye Google Scholar, fungua, soma walau ukurasa unaounukuu. Kisichopatikana, kifute.

Hatua ya 8: Linda taarifa

Usiweke jina kamili, namba ya mtihani, jina la shule, namba ya NIDA, matokeo ya mwenzako wala picha ya daftari lake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ulichokwisha kukituma ni kigumu kukirudisha. Kwenye mipangilio, sehemu ya udhibiti wa data, zima ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kufunzia programu. Kwenye simu ya kuazima, toka kwenye akaunti ukimaliza.

Hatua ya 9: Pima simu ikiwa chumba kingine

Kila Jumamosi chukua pasti pepa ya somo moja, weka saa kwa muda ulioandikwa juu yake, na fanya bila simu. Sahihisha kwa kitabu. Maswali uliyopata wiki nzima kwa msaada na sasa yamekushinda yazungushie wino mwekundu: hayo unayarudisha Hatua ya 2, na wiki inayofuata punguza dakika za simu kutoka 15 hadi 10. Yale matatu yaliyokusumbua zaidi, yabebe Jumatatu kwa mwalimu wako, ukiwa na daftari lenye kila mstari uliojaribu.