Kabla ya Kufanya Harusi kwenye Nyumba ya Kale Shela, Anza na Mwezi

Wengi wanaotafuta nyumba ya kukodi Shela, kisiwani Lamu, huanza na picha: kuta nyeupe za chokaa, zidaka (vishubaka vya kuchonga) ukutani, bwawa dogo katikati ya kiwanda, yaani ua wa ndani, na juu kabisa paa la makuti linalotazama bahari. Kisha husaka tarehe ambayo ndugu wa Nairobi, Dubai na London wote wana likizo. Mwezi huja mwisho, na ukitajwa hutajwa kwa ajili ya mandhari: tufanye mwezi mpevu, itapendeza. Hapo shughuli huanza kuharibika kabla hata amana haijalipwa. Shela haina barabara ya magari. Kila kitu, tangu bi harusi mpaka barafu, hufika kwa maji, na maji yana mwenyewe.

Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hivi. Jambo ambalo mgeni halijui ni saa zake. Siku za bamvua Lamu, maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja alasiri, hupwa mnamo saa nne au saa tano usiku. Sasa lipange hilo juu ya ratiba ya harusi. Saa kumi na nusu, viti vimepangwa ufuoni na mpiga picha anangoja mwanga laini, ndiyo saa ambayo mchanga mbele ya kijiji umeliwa wote na njia ya pwani inayotoka Lamu mjini imefunikwa. Saa tano usiku, wageni waliolala upande wa kisiwa cha Manda wanataka kurudi, maji yametoka, mafungu ya mchanga yameibuka, na mabibi waliovaa viatu vya visigino wanatembezwa matopeni kuifuata boti.

Maji mafu ndiyo rafiki wa harusi ya jioni. Tarehe 7 mpaka 9 za mwezi wa Kiislamu, au 22 mpaka 24, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, hupwa alasiri, na hayapandi wala kushuka kwa kishindo. Ufuo unabaki mpana saa ile ile unayouhitaji, na jahazi linaelea bila shida kubwa. Mwezi wa siku 8 bado unatoa mwanga wa kutosha juu ya paa hadi karibu na usiku wa manane. Ukishindwa kusoma jedwali la maji, mpigie simu nahodha yeyote wa Shela umtajie tarehe. Atakujibu upesi, kwa sababu tarehe ya mwezi wa Kiislamu na hali ya maji kwake ni habari moja.

Kalenda hiyo hiyo ina mengine. Mwezi wa Ramadhani haukatazi mgeni kukodi nyumba, lakini wapishi, mabaharia na hamali wako wamefunga, na ngoma mtaani si adabu. Nionavyo mimi, harusi ya muziki isipangwe Ramadhani kabisa. Mfungo Sita, yaani Rabiul-awwal, ni Maulidi, wageni wanamiminika Lamu kutoka kila upande, hivyo vyumba vya ziada na boti hugombewa. Na kwa kuwa miezi hii hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, usitumie tarehe aliyokupa rafiki aliyefunga ndoa miaka mitatu iliyopita.

Upepo ni rahisi zaidi kuueleza. Masika hunyesha Aprili na Mei, na nyumba nyingi pamoja na hoteli hufungwa kwa matengenezo hadi Juni. Julai na Agosti kusi inavuma kwa nguvu: hali ya hewa ni ya kupoa, lakini mahema, vitambaa vya meza na shela ya bi harusi havitatulia. Disemba hadi Machi ni kaskazi, joto na anga safi, na Krismasi bei hupanda. Oktoba bahari hutulia. Novemba yaweza kuleta mvua za vuli, fupi fupi. Jambo moja dogo la picha: ufuo wa Shela umeelekea upande jua linakochomoza. Magharibi jua huzama nyuma ya nchi kavu, kwa hiyo anayetaka jua na maji pamoja apande jahazi aingie mkondoni.

Sasa nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe ya Lamu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kama mita 3 tu, ndiyo maana misana, yaani kumbi zinazotazama kiwanda, ni mirefu na myembamba. Meza ya watu 50 haiingii, hata msimamizi akikuambia watu huwa wanajipanga. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya familia, na harusi zake zilienea mtaani: wanaume msikitini, wanawake ndani, chakula kwa jirani. Ukiufuata mpango huo wa kale utaona unafaa hata leo. Nikaha au kiapo kifanyike kiwandani au msanani, chakula kiende bustanini au kwenye nyumba ya pili iliyokodiwa jirani, na ngoma iwe chini, juu ya ardhi.

Hili la ngoma nalisisitiza. Paa, yaani sakafu ya juu kabisa chini ya makuti, ndipo kila mtu anapotaka kucheza, na paa ndilo lililoshikwa na boriti. Watu waliokaa kitako wakinywa kahawa ni uzito mmoja. Watu 60 wanaoruka kwa pamoja ni mwingine kabisa. Muulize mwenye nyumba paa linaruhusu watu wangapi, lilitengenezwa lini mara ya mwisho, na jibu liandikwe ndani ya mkataba. Asiyeweza kutaja idadi, usipandishe mtu kwake. Uulize pia kuhusu ngazi, ambazo ni nyembamba na zinapanda wima. Kama kuna bibi mwenye magoti mabovu, apate chumba cha chini chenye choo, na akiwekewe kabla vijana hawajagawana vyumba.

Mapambo yana masharti yake. Ukuta wa chokaa na zidaka za kuchonga haupigwi misumari wala kubandikwa gundi, kwani lipu hung'oka pamoja na utepe, na fundi wa kuirudisha kwa chokaa badala ya saruji si kila mtu. (Saruji juu ya matumbawe huzuia unyevu kutoka, miaka michache baadaye ukuta unavimba na kumenyuka.) Mishumaa na taa za moto zikae mbali na makuti. Fataki usiziwazie: makuti ya jirani yako karibu, vichochoro ni vyembamba, na gari la zimamoto halipiti. Kwa maua, badala ya kusafirisha waridi zinazonyauka njiani, agiza vikuba (vishada vidogo) vya asumini na rihani kwa wanawake wa mtaani siku mbili kabla. Vinanukia vizuri kuliko chochote kitakachoshuka na ndege.

Maji ya kuoga yana historia ya kuheshimiwa. Milima ya mchanga ya Shela ndiyo inayohifadhi maji ya mvua ambayo kisiwa kinayategemea, na visima vikivutwa kupita kiasi chumvi huingia. Kundi la watu 30 kwa siku nne, pamoja na bwawa, ni mzigo. Uliza nyumba ina tangi la ukubwa gani na nani huleta maji likikauka. Umeme hukatika; jenereta iwepo, tena ijaribiwe na friji zote zikiwa zimewashwa.

Kuhusu kufika, ndege kutoka Nairobi hutua Manda, ng'ambo ya mkondo, kisha boti. Mizigo mikubwa huja kwa lori mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, ikavushwa, ikabebwa na punda au hamali hadi mlangoni. Kila kitu kifungwe kwa ukubwa ambao watu wawili wanaweza kuubeba kwenye kichochoro chenye kona. Spika za tamasha zibaki Nairobi. Wageni wa nje ya Afrika wengi wao wanahitaji idhini ya kusafiri ya mtandaoni, ambayo Kenya ilianza kuitumia Januari 2024. Na kila mmoja asome masharti ya bima yake: serikali kadhaa za nje hutoa tahadhari kuhusu Kaunti ya Lamu, pengine zikitenganisha visiwa na bara, na kampuni ya bima huweza kukataa madai kwa sababu hiyo. Hospitali ya rufaa, King Fahd, iko Lamu mjini. Nambari ya nahodha wa usiku ibandikwe mlangoni.

Ndoa kisheria ni suala jingine na huchelewesha wengi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano Kenya. Kwa ndoa ya kiserikali, taarifa hutolewa kwa msajili si chini ya siku 21 kabla, na mashahidi wawili wanahitajika. Ndoa ya Kiislamu hufungishwa na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa. Wanandoa wengi kutoka ng'ambo husajili kwao, wakaja Shela kwa sherehe tu, na sioni ubaya wake. Droni ni sharti iwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Usikubali mpiga picha akuambie "huku hakuna anayeuliza".

Waswahili wa Shela ni wakarimu lakini ni watu wa haya. Nguo za ufuoni ziishie ufuoni. Pombe, kama ipo, isibebwe mkononi vichochoroni. Muziki unyamaze adhana inapoanza, na saa ya kuuzima ikubaliwe na wazee wa mtaa mapema, siyo usiku ule ule. Wenyeji wakialikwa, kwa kweli harusi hunoga. Wanawake wa vugo (ngoma ya harusi) na vijana wa kirumbizi (mchezo wa fimbo) wanajua kuchangamsha shughuli kuliko orodha yoyote ya nyimbo, mradi walipwe wanachostahili na waulizwe kabla ya kupigwa picha. Kwenye kupamba, mahali pa wanawake peke yao, simu hukusanywa mlangoni. Usibishane.

Ukipata nafasi ya siku ya matembezi, wapeleke wageni Takwa, magofu ya mji wa kale upande wa Manda ambao wazee wa Shela huuhesabu kuwa asili yao. Boti huingia kwa mkono wa bahari kati ya mikoko maji yakiwa yamejaa tu, kwa hiyo na hilo lipangwe na nahodha pamoja na tarehe ya harusi.

Siku ya kuingia, zunguka na msimamizi mkipiga picha kuta, milango ya kuchongwa na vitanda, na siku ya kutoka mrudie mzunguko ule ule mkiwa nyote wawili, kabla ya boti ya uwanja wa ndege kufika. Bakhshishi ya wapishi na watumishi, kwa kawaida, hukabidhiwa msimamizi wenzake wakiona, igawanywe papo hapo.