Kazi uliyokaa wiki chache: namna ya kuiacha nje ya CV bila kuja kuumbuka kwenye uhakiki

Uliingia kazini, wiki ya pili ukajua hapa sipo, mwezi wa pili ukaondoka. Sasa unaandika CV na hiyo kazi imekukaa kooni, ukiiweka watauliza kwa nini uliondoka haraka hivyo, usipoiweka wakija kuigundua watasema ulificha. Nimekaa na watu wengi kwenye hili swali nikiwasaidia kupanga CV zao na jibu langu ni lilelile, kuiacha nje ya CV inaruhusiwa, kinachowaponza watu ni kile wanachofanya baada ya kuiacha, yaani kuvuta tarehe za kazi nyingine zije zifunike lile pengo.

Kuna dada mmoja alikuja kwangu akiwa tayari yameshamkuta. Kazi yake ya miaka mitatu aliiacha mwezi wa 2, akaingia sehemu nyingine akakaa miezi miwili tu, akatoka. Kwenye CV hiyo ya miezi miwili akaifuta, sawa, lakini akaandika kwamba kazi ya zamani iliisha mwezi wa 5. Akapita usaili vizuri akapewa ofa, HR wakapiga simu kwa mwajiri wake wa zamani wakaambiwa huyu aliondoka mwezi wa 2. Ofa ikaondolewa. Na ile kazi ya miezi miwili yenyewe hawakuijua kabisa, angeacha tu pengo la miezi mitatu likae pale lilivyo angekuwa kazini. Iliniuma sana ile, ndo maana naandika hili kwa kirefu.

Kwanza tofautisha CV na fomu ya maombi, watu wengi wanavichanganya. CV ni karatasi yako, unaweka yale yanayokusaidia kupata hiyo nafasi, hakuna anayetegemea uorodheshe kila sehemu uliyowahi kupokea mshahara. Fomu ni maswali yao, na chini kabisa unasaini kwamba ulichojaza ni kweli na kimekamilika. Hilo neno "kimekamilika" lisome mara mbili, maana kwa saini hiyo wanaweza kukuachisha kazi hata kama umeshaanza na unafanya vizuri. Fomu ikisema taja uzoefu unaohusiana na nafasi hii, una uhuru. Ikisema taja kazi zote za miaka 5 iliyopita, basi ile ya wiki sita nayo ni kazi, iandike, hata kama kwenye CV haipo. CV kuwa fupi kuliko fomu sio kosa, watu wanaliogopa hilo bure, kosa ni tarehe kugongana.

Halafu kuna kazi ambazo hili la kuacha kitu bila kukiandika halipo kabisa. Anayeomba kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, yaani ruhusa ya kushika taarifa za siri, anajaza fomu SF-86 ambayo inataka historia ya ajira ya miaka 10, na hata miezi uliyokaa bila kazi unaiandika. Wanaosajiliwa kuuza hisa hukohuko Marekani wanajaza fomu U4, nayo inarudi miaka 10. Uingereza ukiingia utumishi wa serikali kuna ukaguzi wa BPSS ambao unaangalia miaka 3 ya nyuma, na viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya, ukitaka kitambulisho cha kuingia sehemu zinazolindwa, wanaangalia kazi, masomo na mapengo ya angalau miaka 5. Kwenye kazi za namna hii andika hata ile ya siku nne. Kuacha kazi haraka utaeleza wakakuelewa, kutosema ndo kunawatia wasiwasi, maana hapo wanachopima ni kama unaaminika.

Sasa kwa kazi za kawaida uhakiki unakwendaje? Mara nyingi wanachukua orodha uliyowapa wewe mwenyewe wanaifuatilia, wanapiga simu au wanatuma imeili kwa HR wa kila sehemu kuuliza alikuwepo, cheo gani, kuanzia lini mpaka lini. Waajiri wengi hawasemi zaidi ya hapo. Kwa maana hiyo kazi ambayo hukuitaja mara nyingi haipigiwi simu, lakini usijenge mipango yako juu ya hilo, kwa sababu kuna njia nyingine ya kuonekana. Marekani kuna hifadhi kubwa ya taarifa za ajira inaitwa The Work Number, ni ya kampuni ya Equifax, waajiri wanapeleka humo taarifa za mishahara na mtu akivuta ripoti yako anaweza kukuta mwajiri ambaye hukumwandika. Sehemu nyingi michango ya hifadhi ya jamii na kodi nayo inabaki na jina la mwajiri aliyeilipa. Uingereza ukiacha kazi unapewa karatasi ya P45 ambayo unampelekea mwajiri mpya, na ina tarehe uliyoondoka. Na kuna njia ya kawaida kuliko zote, fani ni ndogo, watu wanajuana, aliyekaa meza ya pili yako kule anaweza kuwa ndo anayekusaili leo.

Kwa hiyo kabla ya kuamua chochote jitafute mwenyewe kwanza. The Work Number unaweza kuomba ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, inakupa historia yako ya ajira ukiiomba, na kwingine anza na taarifa ya michango yako ya pensheni. Ukishaona kinachoonekana, kaa chini uandike orodha kamili ya maisha yako ya kazi, kila sehemu, siku ya kuanza na siku ya kuondoka, hii haiendi kwa mtu, ni ya kwako ya kukulinda na kusahau. CV na fomu zote zitoke humo. Ukifika LinkedIn hakikisha tarehe zinafanana, nimeshaona CV iko safi halafu LinkedIn kazi ileile bado imekaa na picha ya siku ya kwanza.

Je, kuandika mwaka tu bila mwezi? Kwenye CV inakubalika, wengi wanafanya. Ila ukiulizwa mwezi unautaja, wa kweli.

Sio kila kazi fupi ni ya kuficha lakini. Kama ulikuwa mkataba wa miezi mitatu tangu mwanzo, andika "mkataba wa miezi 3" na hakuna atakayekuuliza. Kama kampuni ilifunga au walipunguza watu, andika hivyo pia. Kama ulijifunza kitu ambacho tangazo la kazi linakitaka, iweke, na kama ukiitoa linabaki pengo refu la karibu mwaka, mimi ningeiweka. Ninayoitoa bila kusita ni ile ya wiki au miezi miwili mitatu ambayo haikukuacha na kitu cha kuonyesha.

Kwenye usaili jiandae na swali moja, "hapa katikati ulikuwa unafanya nini?" Usiseme ulikuwa nyumbani kama hukuwa nyumbani, hapo ndo kutoiandika kunageuka uongo. Sema kwa utulivu kitu kama hiki: "Niliingia sehemu moja, kazi ikawa tofauti na tuliyokubaliana, nikaondoka baada ya wiki saba. Sikuiweka kwenye CV kwa sababu ilikuwa fupi mno." Ukishasema nyamaza, usimseme vibaya bosi wa kule hata kama alikutesa. Kama ulifukuzwa na wameuliza umewahi kufukuzwa, jibu ndiyo na ueleze kwa sentensi mbili.

Na wewe ambaye umeshatuma fomu na sasa moyo unadunda, bado una nafasi kama uhakiki haujaisha. Usisubiri wakupigie. Marekani kampuni ikitumia wakala wa nje kukuchunguza, sheria ya FCRA ya mwaka 1970 inaitaka ipate ruhusa yako ya maandishi kwanza, na kabla ya kukukataa kwa sababu ya ripoti wakupe nakala yake, lakini kufika huko ni kuchelewa, ni afadhali usahihishe mwenyewe. Mwandikie HR leo, kwa kifupi: "Nimepitia fomu yangu nikaona sikuandika kazi moja ya wiki sita, kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Naomba iongezwe kwenye taarifa zangu, na nipo tayari kutoa maelezo." Ambatisha barua ya kuacha kazi na karatasi ya mwisho ya mshahara kama unazo. Kama huna, waombe HR wa kule wakuandikie barua yenye tarehe mbili tu, ya kuingia na ya kutoka.