Mama wa mimba, Fansidar na musitikere (chandarua) usiache

Ba mama wa Bukavu, wiki 13 za mimba zikisha pita, nenda CPN (kupimisha mimba) uombe Fansidar, dawa ya kukinga malaria: ni vidonge 3 mara moja, unameza palepale mbele ya muuguzi, hata kama haujakula, na unarudilia kila kisha mwezi mupaka uzale. Kama unakunywa Bactrim (dawa ya antibiotike) kila siku, ambia muuguzi kwanza, hizo mbili hazichanganywe. Fansidar usiiache juu malaria inaweza kujificha ku kondo la nyuma bila homa yoyote, damu inapunguka, mutoto anazaliwa na kilo kidogo! Lala ndani ya musitikere kila usiku, hata kama baridi ya Kadutu inakudanganya mbu haziko. Homa ikikukamata usinunue dawa ovyo, bakupime damu. Ukianza kutapika dawa ya malaria balikupa, hospitali usiku uleule.